Uso wa miaka 36, magoti ya miaka 74: jinsi The Irishman ilivyowarudisha wazee watatu ujanani

Filamu ya The Irishman, iliyoongozwa na Martin Scorsese na kutolewa na Netflix Novemba 2019, ina urefu wa saa tatu na dakika 29. Ndani ya muda huo Robert De Niro anaonekana akiwa askari wa miaka ishirini na ushei huko Italia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha dereva wa lori miaka ya 1950, muuaji wa mafia, kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi, mfungwa, na hatimaye mzee asiyejiweza katika nyumba ya kutunzia wazee. Upigaji picha ulianza Septemba 2017, De Niro akiwa ametimiza miaka 74 mwezi mmoja kabla. Al Pacino alikuwa na miaka 77, na Joe Pesci 74.

Wengi wakiieleza filamu hii husema tu kwamba "kompyuta iliwafanya vijana", kana kwamba kuna kitufe cha kubonyeza. Ukweli ni kwamba kila kilichofanyika, kuanzia kamera, taa na programu hadi gharama, na hata kasoro zake, kilitokana na sharti moja la mwongozaji: waigizaji wasibandikwe alama wala vifaa vya kompyuta usoni, na wacheze pamoja kwenye seti halisi yenye mwanga halisi. Tuanzie hapo, lakini kwanza tuone kwa nini umri una uzito mkubwa namna hii katika hadithi yenyewe.

Uso ndio kalenda

Frank Sheeran, mhusika anayechezwa na De Niro, alikuwa mtu wa kweli. Alizaliwa Oktoba 1920, akafariki Desemba 2003. Aliongoza tawi namba 326 la chama cha madereva wa malori, Teamsters, huko Wilmington, Delaware. Alikuwa karibu na bosi wa mafia wa Pennsylvania, Russell Bufalino (Pesci), na pia na rais wa Teamsters, Jimmy Hoffa (Pacino), aliyekiongoza chama hicho kuanzia 1957 hadi 1971. Hoffa alitoweka tarehe 30 Julai 1975 nje ya mkahawa mmoja karibu na Detroit, na mwaka 1982 akatangazwa kisheria kuwa amefariki. Katika maelezo aliyompa mwanasheria Charles Brandt, yaliyochapishwa kama kitabu mwaka 2004, Sheeran alidai kuwa yeye ndiye aliyempiga risasi rafiki yake. Wachunguzi na waandishi kadhaa wamelipinga dai hilo kwa nguvu, na mwili wa Hoffa haujapatikana hadi leo. Filamu inamfuata Sheeran kama anavyojisimulia, kwa hiyo mtazamaji asiichukue kama hukumu ya mahakama.

Kinachowachanganya watazamaji ni mpangilio wa wakati. Kuna tabaka tatu zilizopandana. La kwanza ni Sheeran mzee anayesimulia. Ndani yake imo safari ya gari ya mwaka 1975, Sheeran na Bufalino wakiwa na wake zao, kuelekea harusini Detroit. Ndani ya safari hiyo kuna kumbukumbu zinazoanzia vitani na kusonga mbele hadi zinaikuta safari yenyewe. Mara nyingi filamu haiandiki mwaka kwenye kioo. Mtazamaji hujua yuko wapi kwa kuangalia magari, mavazi, rangi ya picha na, zaidi ya vyote, uso wa Sheeran. Uso huo ukishindwa kusomeka, uzi wa hadithi unakatika.

Kwa nini njia za zamani hazikufaa

Njia kongwe ni kutumia mwigizaji mwingine kwa sehemu ya ujana. De Niro mwenyewe aliwahi kunufaika nayo: mwaka 1974, katika sehemu ya pili ya The Godfather, alicheza ujana wa mhusika ambaye Marlon Brando alimcheza uzeeni miaka miwili kabla. Njia hii hufaa pale ujana na uzee vinapokaa mbalimbali. Sheeran huzeeka polepole, kutoka miaka 30 na kitu hadi 40, 50 na kuendelea, na hakuna mahali pa kumtoa mtu mmoja na kumwingiza mwingine bila mtazamaji kushtuka.

Mekapu nayo ina mpaka wake. Vipande vya silikoni hubandikwa juu ya ngozi. Huweza kuongeza shavu, makunyanzi au mfuko chini ya jicho, lakini haviwezi kuondoa kilichopo. Ndiyo maana mekapu ilitumika kwa Sheeran wa miaka 80, na huko imefanya kazi nzuri sana.

Njia ya tatu, iliyokuwa imezoeleka Hollywood, ni kumchora mwigizaji nukta nyingi usoni na kumvalisha kofia ngumu yenye vijikamera vinavyoning'inia mbele ya mdomo. Kompyuta hufuata nukta hizo na kujua ngozi imevutwa wapi. Scorsese aliikataa. Picha za namna hiyo mara nyingi hulazimisha mwigizaji acheze peke yake au arudie tukio baadaye studioni, na mazungumzo ya filamu hii yanategemea watu wawili kutazamana kwa karibu, kukatizana na kunyamaza. De Niro hawezi kumtishia Pacino huku kijiti cha kamera kiko katikati yao.

Mwaka 2015, Scorsese akiwa Taiwan kwenye filamu nyingine, msimamizi wa athari za picha Pablo Helman wa kampuni ya Industrial Light & Magic (ILM) alimweleza kwamba huenda ikawezekana bila nukta. Wakafanya jaribio: De Niro akarudia tukio la filamu yake ya mwaka 1990, Goodfellas, lile la kumfokea mwenzake aliyenunua gari la kifahari la rangi ya waridi baada ya wizi. Jaribio hilo lilikuwa na faida ambayo majaribio mengi hayana: De Niro halisi wa wakati ule alikuwapo kwenye filamu ya zamani, wa kulinganishwa naye. Matokeo yakatosha kuufufua mradi uliokuwa umekaa miaka mingi bila kusonga.

Kamera yenye vichwa vitatu

Bila nukta, programu hukosa alama za kufuata. Inabidi isome umbo la uso kutokana na mwanga na kivuli peke yake, na lenzi moja haitoshi, kwa sababu picha ya lenzi moja haina kina. Suluhisho lilikuwa kiunzi kimoja kilichofungwa kamera tatu. Katikati ilikaa RED Helium, ambayo ndiyo ilipiga picha tunayoiona. Kushoto na kulia kwake zikafungwa Alexa Mini mbili zilizorekebishwa ili zione miali ya infraredi, mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Taa za infraredi zilizungushwa kwenye lenzi za pembeni ili zimmulike mwigizaji moja kwa moja kutoka mbele.

Hapo ndipo penye werevu wa kazi yote, kwa hiyo tupaeleze polepole. Mpiga picha Rodrigo Prieto alitaka mikahawa yenye giza, nyuso zilizomulikwa upande mmoja, kofia zinazotupa kivuli machoni. Kwa kamera ya kati, nusu ya uso inaweza kuwa nyeusi kabisa. Programu ikipewa picha hiyo peke yake haina njia ya kujua shavu la upande wa giza limefanya nini. Infraredi huujaza uso mzima mwanga usio na kivuli bila kuigusa picha ya Prieto hata chembe. Kamera za pembeni zinaona uso wote, kila moja kwa pembe yake, na tofauti ya pembe hizo mbili ndiyo inayompa mtaalamu kina cha pua, mdomo na taya.

Vifaa vya namna hii vina njia nyingi za kuharibika. Kamera zote tatu lazima zifungue na kufunga shata kwa wakati mmoja. Zikipishana hata kidogo, mdomo wa kamera ya kushoto utakuwa kwenye herufi moja na wa kulia kwenye herufi nyingine, na umbo litakalojengwa halitakuwa la mtu yeyote. Balbu za zamani za waya wa moto, pamoja na jua, hutoa infraredi nyingi zenyewe. Zikiachiwa tu, hurudisha vile vivuli vilivyokuwa vimefutwa. Mkono ukipita mbele ya uso, au bega la mwigizaji mwingine likiziba lenzi moja ya pembeni, kina kinapotea kwa fremu hizo, yaani picha mojamoja za filamu, na mtu lazima akae kuzijaza kwa mkono. Na kwa kuwa Scorsese hupenda kupiga pande zote mbili za mazungumzo kwa pamoja, seti moja iliweza kuwa na viunzi viwili au vitatu vya aina hii, yaani hadi lenzi tisa. Wapiga picha walikiita kila kiunzi jitu lenye vichwa vitatu, na kulisogeza jitu hilo ndani ya chumba cha kawaida bila lenyewe kuonekana kwenye kamera ya upande wa pili ilikuwa kazi ya kila siku kwa siku 108.

Matukio ambayo hayakuhitaji kurudisha umri yalipigwa kwa filamu ya kawaida ya milimita 35. Ili dijitali na filamu zisionekane kama vitu viwili, Prieto alitengeneza mwonekano wa rangi kwa kila kipindi: miaka ya 1950 ikafuata tabia ya Kodachrome, ya 1960 Ektachrome (zote ni filamu za rangi za Kodak), na kuanzia ya 1970 rangi zikafifia na utofauti wa giza na mwanga ukaongezeka. Ukishaujua utaratibu huu, rangi peke yake itakuambia uko muongo gani hata kabla hujauona uso.

Kutoka uso wa leo hadi uso wa jana

Kabla ya kazi ya seti, waigizaji watatu walipimwa. Mfumo uitwao Medusa ulirekodi umbo la uso wakiwa wametulia na wakifanya mionekano mbalimbali: kucheka, kukunja uso, kuinua nyusi. Mfumo mwingine, Light Stage, uliwapiga picha chini ya taa nyingi zinazowaka kwa mpangilio, ili ijulikane ngozi ya kila mmoja inarudisha mwanga vipi, wapi inang'aa kwa mafuta na wapi ni kavu. Kwenye seti, kila mpangilio wa taa ulirekodiwa kwa picha za pande zote, na chumba kikapimwa kwa leza. Usipojua taa ilikuwa wapi na ina nguvu kiasi gani, huwezi kutofautisha kunyanzi na kivuli.

Kisha inaingia programu ya Flux, iliyoandikwa na ILM kwa kazi hii. Kanuni yake inaeleweka. Flux huchukua sanamu ya kompyuta ya uso wa De Niro wa miaka 74, huiweka chini ya taa zilezile zilizorekodiwa, huichora, kisha hulinganisha mchoro na picha halisi za kamera tatu. Palipo na tofauti, husukuma umbo kidogo, huchora tena, hulinganisha tena, mpaka sanamu na picha vifanane. Hapo fremu moja imekwisha. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, kwa hiyo shoti ya sekunde kumi ni fremu 240, na filamu nzima ilikuwa na shoti za athari zipatazo 1,750.

Mpaka hapa bado tuna mzee wa dijitali anayefanya alichofanya mzee wa kweli. Hatua inayofuata ni kuhamisha miondoko hiyo kwenye sanamu nyingine, ya uso wa kijana, na hapa hesabu haitoshi tena. Ngozi ya miaka 74 ni nyembamba na imelegea. De Niro akitabasamu leo, shavu hukunjamana na kubaki na mistari. Ngozi ya miaka 36 ina mafuta chini yake na hurudi mahali pake haraka. Ukihamisha miondoko kama ilivyo, kijana anakuwa na tabasamu la mtu mzima sana, kana kwamba amevaa barakoa. Ukiulainisha mno, hasira na uchovu alivyoviweka mwigizaji vinafutika pamoja na makunyanzi. Scorsese mwenyewe alieleza hadharani wasiwasi wake kuhusu macho: kuondoa mikunjo inayoyazunguka kunaweza kuondoa kitu kilekile alichokipenda kwenye uigizaji. Ndiyo sababu shoti nyingi zilirudi mezani mara kwa mara, msanii akirudisha kunyanzi moja hapa na uzito kidogo wa kope pale.

Sanamu za ujana nazo zilibuniwa. ILM walikusanya maktaba kubwa ya picha za filamu za zamani za waigizaji hawa, wakawa na programu ya kutafuta fremu zenye pembe na mwanga unaofanana na shoti wanayoishughulikia, ili wapime kama wako kwenye njia. Hata hivyo, lengo halikuwa kumrudisha De Niro wa mwaka 1974. Sheeran alikuwa mtu wa kimo na mwili mkubwa, mwenye macho ya buluu, na uso wa kijana ulitengenezwa kuwa wa Sheeran. Watazamaji waliotarajia kumwona De Niro waliyemzoea ujanani walihisi kuna kitu hakikai sawa, na sehemu ya hisia hiyo inatokana na uamuzi huu, ambao mimi nauona ni sahihi kwa hadithi hata kama unamgharimu mtazamaji dakika kumi za kuzoea.

Zipo sehemu za uso ambazo watu hawazifikirii. Masikio na pua hurefuka kadiri gegedu linavyolegea, kwa hiyo zililazimu kupunguzwa. Shingo lazima ilingane na uso. Unyevu wa jicho, wekundu wa pembe zake, na jinsi mwanga unavyopenya ngozi na kutoka na rangi ya damu, vyote vikikosewa kidogo uso hugeuka nta.

Duka la mboga

Sasa tufike kwenye kasoro maarufu zaidi. Binti yake Sheeran, Peggy, amesukumwa na mwenye duka la mboga. Sheeran anamshika mkono mtoto, wanakwenda dukani, anamburuta yule mtu nje hadi kando ya barabara, anampiga mateke na kumkanyaga mkono. Peggy amesimama anatazama. Tukio hili ndilo linaloeleza kwa nini binti huyo atamwogopa baba yake maisha yake yote, na kamera inakaa mbali, inaonyesha miili kuanzia kichwani hadi miguuni.

Usiangalie uso, angalia mguu uliosimama. Mtu wa miaka 30 na kitu akipiga teke huuhamishia uzito wote mguu mmoja, hugeuza nyonga, na bega la upande wa pili hurudi nyuma kumsawazisha. Hapa goti linakunjwa kidogo tu, nyonga haizunguki, mikono imetandazwa kutafuta usawa, na teke linatoka kwa mguu wa chini peke yake. Kila mtu aliyewahi kumwona mzee akishuka ngazi anautambua mwondoko huo bila kufundishwa. Ubongo unapokea taarifa mbili zinazopingana, uso unaosema 36 na mwili unaosema 74, na mwili ndio unaoaminiwa.

Watengenezaji walilijua tatizo hili. Kulikuwa na mkufunzi wa mkao kwenye seti, Gary Tacon, aliyewakumbusha waigizaji umri wao wa siku hiyo: wainue kifua, wasijisukume kwa mikono wanapoinuka kitini, wateremke ngazi bila kutafuta pa kushika. Hilo linafaa kwa kukaa na kusimama. Kwa mapigano ya mwili mzima halitoshi.

Ilikuwapo namna ya kuliepuka. Kijana mwenye mwili unaofanana na wa De Niro angeweza kupiga mateke, kisha uso ukabadilishwa. Gharama yake ni kwamba uso wa De Niro ungepigwa picha kando na kuunganishwa baadaye, jambo lililokwenda kinyume na sharti la mwanzo. Au tukio lingekatwa vipande: mguu karibu, uso wa mwenye duka, uso wa Peggy. Mhariri Thelma Schoonmaker ana uwezo huo kuliko wengi. Lakini mikato ya haraka ingelifanya pigano lisisimue, na kamera iliyotulia mbali ndiyo inayotuweka mahali pa mtoto. Naona uamuzi wa kamera ni sahihi na uamuzi wa mwili ni kosa. Mwili wa kijana kwenye shoti hiyo moja pana usingeuvunja mpango mzima.

Baada ya Flux

Filamu iliteuliwa kuwania Oscar kumi mwaka 2020, ikiwemo ya athari za picha, na haikupata hata moja. Katika miezi hiyohiyo watu walianza kuweka mtandaoni vipande vya filamu hii walivyovirekebisha wenyewe kwa programu za bure za akili bandia, wakidai wameishinda studio. Ulinganisho huo unahitaji uangalifu. Mtandao wa neva, aina ya programu ya akili bandia, hufunzwa kwa maelfu ya picha za uso wa ujana, kisha huuvisha uso huo juu ya ule uliopo. Ngozi hupendeza, kazi huisha haraka, na kwenye simu unaonekana vizuri. Ukiikuza kwenye kioo cha sinema, maelezo ya vinyweleo huwa hafifu, na mara nyingi mtandao huchagua mwonekano uliouona sana kwenye mafunzo badala ya ule mdogo alioufanya mwigizaji siku ile. Flux hutoka upande wa pili: huanza na alichofanya mwigizaji na kukibeba, hata pale ngozi inapotoka ngumu kidogo.

ILM wenyewe wamezichanganya njia hizo tangu hapo. Kwa filamu ya Indiana Jones ya mwaka 2023, ujana wa Harrison Ford ulijengwa kwa vifaa kadhaa kwa pamoja, pamoja na ujifunzaji wa mashine uliolishwa picha za filamu zake za zamani zilizohifadhiwa na Lucasfilm.

Hapo ndipo suala la ridhaa linapoingia. De Niro, Pacino na Pesci walikaa kwenye seti na kucheza wenyewe matukio yao; sanamu za ujana zilifuata walichofanya. Vifaa vya sasa vinaweza kutengeneza uso bila mwenyewe kuwapo. Chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kiligoma kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9, 2023, na nakala za dijitali zilikuwa miongoni mwa madai makuu. Mkataba uliofuata unamtaka mtayarishaji apate ridhaa ya mwigizaji kabla ya kutengeneza au kutumia nakala yake, aeleze waziwazi itatumika kwa ajili gani, na amlipe. Maelezo hayo lazima yaihusu kazi husika. Ruhusa ya jumla ya kutumia uso wa mtu kwa lolote litakalojitokeza haitoshi.